"Mazoezi yananiletea hasira, si furaha. Nina kasoro gani?"

*"Daktari, shikamoo. Nina miaka 44, mhasibu, mama wa watoto watatu. Nakaa Kimara, kazini Posta. Sina msiba wala deni la kutisha, ndoa yangu ni ya kawaida, watoto wanasoma. Ila kwa muda sasa naishi tu kwa sababu kumekucha. Naamka saa kumi na moja alfajiri, narudi saa mbili usiku, napika, halafu nalala na simu mkononi hadi saa sita. Mwaka jana nililipia jimu miezi mitatu, nikaenda mara tano. Mwezi wa kwanza mwaka huu nikaanza kukimbia asubuhi na jirani yangu; siku ya nane nikaacha. Magoti yanauma, kifua kinawaka, na nikirudi nyumbani nawafokea watoto. Nimesoma kwamba mazoezi yanatoa homoni za furaha na kwamba ukivumilia siku 21 inakuwa tabia. Je, mimi hizo homoni sina? Sijapungua hata kilo moja. Mume wangu anasema ni uvivu tu, mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kinachoniuma ni kwamba sikuwa hivi. Utotoni nilicheza rede mpaka mama anakuja na fimbo kunitoa uwanjani, na sekondari nilikuwa timu ya mpira wa pete. Nifanyeje niipate tena ile raha? Na nitajuaje kama huu ni uvivu au ni sonona?"*

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na neno la mume wako ili tuliweke pembeni. Mtu anayeamka saa kumi na moja, akavuka jiji, akafunga hesabu za watu, akarudi saa mbili na kuingia jikoni, unaweza kumpa majina mengi lakini si mvivu. Methali yake ni ya kweli. Ila kabla ya kuinama, si unauliza kwanza huko uvunguni kuna nini? Wewe umeinama mara mbili, jimu na barabarani, na mara zote umetoka na vumbi. Hapo kuacha si uvivu, ni kutumia akili.

Barua yako ina maswali matatu ndani yake: kwa nini mazoezi hayakukupa furaha uliyoahidiwa, ile raha ya zamani imekwenda wapi, na kama huu ni ugonjwa. La tatu ndilo zito na nimeliweka mwisho, kwa hiyo usiishie njiani.

Homoni unazo. Tatizo ni kwamba hadithi yake imesimuliwa nusu. Kwa miaka mingi tuliwaambia watu kwamba ukikimbia mwili unamwaga endofini na wewe unasikia raha. Lakini endofini zilizomo kwenye damu hazipenyi kirahisi kuingia kwenye ubongo. Mwaka 2021 watafiti wa Hamburg, Ujerumani, walichapisha jaribio ambapo wakimbiaji walipewa naltreksoni, dawa inayoziba milango ambayo endofini hufanyia kazi, kisha wakakimbizwa dakika 45. Raha ikaja vile vile. Siku hizi macho yamegeukia kemikali ambazo mwili unazitengeneza wenyewe na zinabisha kwenye milango ile ile inayoguswa na bangi. Mojawapo inaitwa anandamidi, jina ililopewa mwaka 1992 kutokana na neno la Kisanskriti *ananda*, furaha. Kwa hiyo mwilini mwako kuna kitu kinachoitwa furaha kwa jina lake kabisa. Ila hakitoki kama maji ya bomba kwa kila anayefungua, na wale wa Hamburg walikuwa watu waliokwisha kuzoea mbio.

Kilichokupata wewe ni kitu kingine. Kila mwili una kizingiti. Ukienda taratibu, misuli inapata hewa ya kutosha na inachoma nishati yake kwa utulivu. Ukiongeza kasi unafika mahali ambapo hewa hiyo haitoshi, misuli inaingia njia ya mkato, asidi inapanda kwenye damu na mapafu yanaanza kuhema kwa nguvu ili kurekebisha hali. Watafiti waliowauliza watu wanajisikiaje *wakati* wa mazoezi, badala ya kungoja wamalize, wamekuta jambo lile lile mara nyingi: chini ya kizingiti wengi wanajisikia vizuri, wengine kawaida; ukikivuka, karibu kila mtu anaanza kuona tabu, awe mwanariadha au karani. Wanatofautiana tu kizingiti chao kiko wapi. Mwendo ambao kwa jirani yako ni wa kupiga soga, kwako wewe uliyekaa kwenye kiti miaka yote hii ulikuwa umekwisha kuvuka kizingiti kabla hamjafika kona. Jirani alikuwa anakupa moyo, na moyo wenyewe ndio uliokuwa unalalamika.

Kipimo chake hakihitaji saa ya bei ghali. Ukiweza kuongea sentensi nzima lakini ukashindwa kuimba, upo mahali pazuri. Ukijibu kwa "mm" na "ee" tu, umezidisha, punguza.

Kuna jambo dogo pia ambalo walimu wengi wa mazoezi hawalijui. Ubongo haukumbuki safari nzima kwa usawa; unashika kilele chake na mwisho wake. Katika jaribio moja la mwaka 2016 watu walipiga pedali kwa dakika 15, kundi moja likianza kwa uzito na kumalizia kwa wepesi, jingine kinyume chake. Walioanza na uzito wakamaliza na wepesi waliyaona mazoezi yale kuwa matamu zaidi, na hata siku kadhaa baadaye waliyakumbuka hivyo. Sasa wewe na jirani mlimalizaje? Wengi humalizia kwa kuongeza kasi, wafike getini wakiwa hoi, wakidhani hiyo ndiyo nidhamu. Unafika na kifua kinawaka, saa inakimbia, watoto hawajavaa. Ubongo unaandika kwenye daftari lake: hili jambo linaishia vibaya. Kesho yake kengele ikilia, daftari linafunguliwa.

Zile siku 21 zisikusumbue. Zilitoka kwa daktari mmoja wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walichukua angalau siku 21 kuizoea sura mpya. Neno "angalau" likapotea njiani na sura ikageuka kuwa kila kitu. Watafiti wa London walipowafuatilia watu 96 waliokuwa wanajijengea tabia mpya, muda ulianzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254, katikati yake kama siku 66, na mazoezi yalichelewa kuliko mambo mepesi kama kunywa glasi ya maji. Waligundua pia kwamba kuruka siku moja hakuharibu chochote. Na kilo ziache kabisa kwenye mazungumzo haya. Mazoezi peke yake hupunguza uzito kidogo kuliko watu wanavyodhani, na faida yake kwa roho haingojei mizani ishuke.

Sasa ile raha. Hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu ndipo jibu langu lilipo.

Kiswahili kinatenganisha hamu na raha, na ubongo nao unatenganisha. Kuna majaribio mashuhuri ya Chuo Kikuu cha Michigan: panya walioondolewa karibu kemikali yote ya dopamini kwenye ubongo hawakukisogelea chakula, wangekufa njaa kikiwa mbele yao. Lakini walipodondoshewa sukari mdomoni walijilamba kwa utamu kama panya wengine. Dopamini tunayoiita ya furaha, kazi yake kubwa ni kukusukuma ukifuate kitu. Utamu wenyewe una njia zake nyingine. Kwa hiyo hamu inaweza kuzima huku raha bado ipo, imekaa inakungoja. Na kinyume chake kipo pia, tena unakishika mkononi kila usiku. Saa nne mpaka saa sita kidole kinatelezesha, video moja, nyingine, nyingine tena. Ukiulizwa asubuhi umeona nini, hukumbuki hata moja iliyokuchekesha. Hiyo ni hamu isiyo na raha.

Ndiyo maana sikuulizi una hamu ya nini. Ukiingoja hamu utaingoja mpaka ustaafu. Katika tiba ya sonona tuna njia iliyoanza kujengwa miaka ya 1970 ambayo haishughuliki kwanza na mawazo ya mtu; inaanza na ratiba yake. Tunaweka mambo madogo yenye raha mahali maalumu kwenye wiki, mtu anayafanya akiwa hana hamu, na hamu inafuata nyuma kama mtoto aliyenuna. Kinachosaidia ni kujua kwamba tunabashiri vibaya: watafiti wa Canada walionyesha mwaka 2011 kwamba watu hudharau raha watakayoipata kwenye mazoezi, kwa sababu akili inatazama zile dakika chache za mwanzo tu, ambazo kweli ni chungu. Ila masharti ni kwamba jambo lenyewe liwe na raha ndani yake. Kujilazimisha kufanya usichokipenda na kungoja kikupende, hilo umekwisha kulijaribu.

Turudi uwanjani basi. Rede ilikuwa na nini? Wawili wanarushiana mpira wa soksi, wewe katikati unakwepa, chupa iko chini unaijaza mchanga kwa mkono mmoja, jicho halitoki kwenye mpira. Unachuchumaa, unaruka, unajipinda. Mpira ukidumbukia mtaroni unapumzika. Ukitolewa unakaa pembeni unawazomea wenzako, na hayo nayo ni mapumziko. Mwalimu wa mazoezi wa leo angeyaita mazoezi ya vipindi, angekutoza hela. Lakini wewe hukuwa unafanya mazoezi, ulikuwa unajaza chupa. Kulikuwa na lengo unaloliona, wenzako wanaokujua kwa jina la utani, kicheko, na hakuna aliyepima chochote. Jimu ulikuwa na nini katika hivyo? Kioo.

Simlaumu mtu. Mimi mwenyewe niliwahi kulipia jimu mwaka mzima, nikaenda wiki mbili, na kukimbia nakuchukia mpaka leo ingawa nawaandikia watu faida zake. Ninachofanya ni hiki: Jumamosi asubuhi napiga pasi nguo za wiki nzima na rumba la zamani kwa sauti ya juu. Likifika sebene, pasi inawekwa wima. Wanangu wananicheka. Nguo zinanyooka, na mimi nimetoka jasho.

Kwako wewe naona njia nne, na nitakuwa mkweli kwa kila moja. Jimu ina kivuli, usalama na mashine zisizoumiza magoti, lakini kama hakuna mtu humo unayetaka kumwona, hela itakwenda tena. Klabu za jogging za Jumamosi zina kitu ambacho jirani mmoja hana: watu 40 wenye fulana za rangi moja, wanaimba, wanaitikia, na wanene wa nyuma wana kundi lao. Ukumbuke mchakamchaka wa shuleni, ulikuwa unaimba umbali ambao peke yako usingeukimbia. Watafiti wa Oxford waliwapima wapiga makasia na kuona kwamba wakipiga pamoja kwa mpigo mmoja wanavumilia maumivu kuliko kila mmoja akipiga peke yake kwa nguvu ile ile. Mchakamchaka uliyajua hayo zamani. Ubaya wake ni kwamba ni kukimbia, na magoti yako yamekwisha kusema neno. Ukienda, jiunge na wanaotembea, wala usione aibu.

Mpira wa pete ndio ningeuwekea dau. Kuna vikundi vya kina mama vinavyocheza jioni au Jumapili kwenye viwanja vya shule, na kama uko serikalini, SHIMIWI, ile michezo ya watumishi wa wizara na idara za serikali, ina mpira wa pete, kuvuta kamba, hata bao na karata kwa asiyetaka kuruka. Angalizo moja: mchezo huu una kusimama ghafla na kutua kwa nguvu, na mwili wa miaka 44 unaikumbuka pasi ya miaka 17 lakini goti halikumbuki. Usianze nao wiki hii. Jenga kwanza mapaja kwa kuinuka na kuketi kwenye kiti bila kushika, mara kumi, jioni mbili tatu kwa wiki, kwa mwezi hivi. Ukipata raba zenye soli nzuri, pesa hiyo ni bora kuliko ada ya jimu.

Njia ya nne ndiyo ya kuanza nayo Jumatatu, maana haihitaji muda mpya. Ukitoka kazini usipandie Posta. Tembea mpaka Kivukoni, dakika kumi au kumi na tano, kwa mwendo wa kuongea. Upepo wa bahari unakupiga usoni, meli zimetia nanga, upande wa Feri samaki wanakaangwa. Na kwa kuwa mabasi yanaanzia pale, una nafasi nzuri ya kupata siti kuliko aliyesimama katikati ya njia. Siti hiyo ndiyo zawadi. Utaona jinsi miguu itakavyokupeleka yenyewe. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na kukaza misuli siku mbili, na uliifuta ile kanuni ya zamani kwamba chini ya dakika kumi mfululizo hazihesabiwi. Dakika 15 kwa siku tano ni 75, nusu ya kiwango cha chini, na hujaamka mapema hata dakika moja. Mchukue mwenzako wa ofisini mnayecheka naye. Mkifika Kivukoni msipige mbio kuwahi basi linaloondoka. Pandeni linalofuata.

Nikuambie sasa jambo ambalo hukuliuliza. Saa sita usiku hadi saa kumi na moja ni saa tano. Mtu mzima anahitaji angalau saba. Mtu anayelala saa tano miezi na miezi anakuwa na kila ulichokiandika: hana hamu, anafoka, anashindwa kuvumilia, kila mlima ni mrefu. Nikikuambia uongeze mbio za alfajiri juu ya usingizi huo nitakuwa nakuibia. Kama utafanya jambo moja tu katika barua hii, simu ilale sebuleni kabla ya saa nne. Najua unaishikilia kwa sababu ndiyo muda pekee katika siku ambao hakuna anayekuita. Nakuelewa. Basi muda huo upewe nafasi mapema zaidi, na hapo ndipo mume wako anaingia. Jioni mbili kwa wiki apike yeye, au asimamie madaftari ya watoto, nawe uoge, ukae, upige soga na dada yako kwa simu. Mwambie ni mimi niliyesema, na kwamba naye ainame kidogo.

Sonona. Uvivu na sonona havitofautishwi kwa kazi unazofanya, maana wengi wenye sonona wanafika kazini kila siku wamenyoosha nguo. Tunauliza hivi: kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku na sehemu kubwa ya siku, je, una huzuni au utupu, au mambo yaliyokuwa yanakupa raha yamekufa ladha? Pamoja na hayo, je, usingizi umeharibika hata simu ikiwa mbali, hamu ya chakula imebadilika, mwili mzito kama umebeba gunia, unajilaumu kupita kiasi, huwezi kushika jambo moja akilini, unafikiria kifo? Yakifika matano, likiwemo mojawapo ya yale mawili ya mwanzo, na yanakuvuruga maisha, hiyo ni sonona mpaka mtaalamu aseme vinginevyo. Na jiulize: mara ya mwisho kucheka mpaka machozi ni lini? Kama ni arusini mwezi uliopita, raha yako ipo hai, imekosa nafasi tu. Kama jambo zuri linakuja na huoni lolote ndani, usingoje.

Mazoezi yanasaidia kweli sonona nyepesi na ya wastani. Ile nzito, inayomfanya mtu ashindwe kuoga, haitibiwi kwa kuambiwa "toka ukatembee"; inahitaji tiba ya mazungumzo, dawa, au vyote viwili, na kutembea kunakuja baadaye.

Kwa umri wako kuna pia mambo ya mwili yanayovaa nguo za uvivu. Nenda kituo cha afya wapime wingi wa damu, sukari na presha, na umwombe daktari afikirie kipimo cha thairoidi, ile tezi ya shingoni. Kama hedhi imekuwa nyingi au imeanza kuruka, sema bila kuona haya: damu ikipungua, ngazi tatu ni mlima, na miaka ya kuelekea kukoma hedhi huvuruga usingizi na hisia. Ule "kifua kinawaka" pia umweleze. Huenda ni kuhema tu, lakini ukipata maumivu yanayobana kifua, yanayopanda shingoni au mkononi, au kizunguzungu ukiwa unatembea, simama, na mwone daktari kabla ya kuendelea na chochote nilichoandika hapa. Kwa upande wa akili, hospitali nyingi za wilaya na mkoa zina huduma hiyo. Pale Muhimbili ipo idara nzima. Na ikitokea siku moja wazo la kujidhuru likakujia, hilo si la kungoja kliniki ya Jumatano. Mwambie mtu unayemwamini saa hiyo hiyo, akupeleke chumba cha dharura cha hospitali iliyo karibu.

Niandikie baada ya wiki sita. Usinitajie kilo. Nitajie umelala saa ngapi, nani unatembea naye mpaka Kivukoni, na kama hapo nyumbani kuna mtoto anayejua kutengeneza mpira wa soksi au itabidi umfundishe wewe.